Kasi ya Chopa Inakomea Wapi?

Helikopta nyingi zinazoruka Afrika Mashariki husafiri kwa kasi ya kati ya kilometa 190 na 260 kwa saa. Robinson R44, ile ndogo ya watu wanne yenye injini ya pistoni, huenda kiasi cha kilometa 200. AS350 na ile inayoitwa sasa H125, zinazoonekana sana kwenye utalii na uhifadhi, hufika 250. AW139, aina inayotumika sana duniani kupeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya baharini, hugusa 300. Juu ya hapo hakuna kingi. Rekodi ya dunia ya helikopta ya kawaida ni kilometa 400.87 kwa saa. Iliwekwa Uingereza tarehe 11 Agosti 1986 na Westland Lynx iliyorushwa na Trevor Egginton, na mpaka leo helikopta nyingine ya kawaida haijaipita. Ndege ya bombadia ya ATCL, shirika la ndege la Tanzania, ikiwa na abiria zaidi ya 70 na mizigo yao, huipita kasi hiyo katika safari zake za kila siku na hakuna anayepiga makofi.

Sababu ya tofauti hiyo inabishaniwa kirahisi popote. Ubishi huo ukiwekwa Newala, ukingoni mwa Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana chini hadi Msumbiji, sauti nne zinatosha kuubeba: Mzee mwenye mikorosho, Mwalimu wa fizikia, rubani ambaye wote wanamwita Kapteni, na muuguzi, Sista, ambaye kazi yake ni kusindikiza wagonjwa wa rufaa.

Mzee anafungua kwa hoja ambayo wengi wangeisimamia: kasi ni injini. Neno chopa lilikolea vinywani mwa Watanzania tangu kampeni za mwaka 2005, Freeman Mbowe wa CHADEMA alipozunguka nchi kwa helikopta, na watoto waliokuwa wakilikimbilia vumbi lake siku zile sasa wana watoto wao. Mzee anachojua kuhusu upepo wa kutengenezwa amekijua shambani. Mashine ya kupulizia salfa, ile inayobebwa mgongoni, ukiiongezea moto, unga unafika hadi kileleni mwa mkorosho. Ukiipunguza, unaishia kwenye matawi ya chini. "Sasa Kapteni, kama chopa haikimbii, si waiongezee injini? Waweke mbili, waweke tatu."

Kapteni anamjibu kwa kumvusha Ruvuma. Julai 1970, Wareno walipoanza operesheni yao kubwa dhidi ya FRELIMO kwenye uwanda wa Mueda, waliwashusha askari kwa Alouette III, helikopta ya Kifaransa ambayo mwendo wake wa safari ulikuwa kiasi cha kilometa 185 kwa saa na mwisho wake 210. "Mashine ninayoirusha mimi, Mzee wangu, ni ya ukoo uleule wa Kifaransa. Injini yake ina nguvu zaidi na ni nyepesi zaidi. Imepita miaka zaidi ya 50, na mwendo wangu ni 250. Nimeongeza 65 tu. Ingekuwa ni habari ya injini peke yake, leo ningekuwa nakimbizana na bombadia."

Hapo Mwalimu anaingia, na anaingia na baiskeli. Gurudumu la baiskeli inayotembea lina jambo ambalo waendeshaji wengi hawajawahi kulitazama. Sehemu ya gurudumu inayogusa ardhi, kwa nukta hiyo ya kugusa, imesimama. Sehemu ya juu kabisa inakwenda mbele kwa kasi mara mbili ya baiskeli yenyewe. Gurudumu ni moja na kasi ya kuzunguka ni moja, lakini upande mmoja unakwenda pamoja na safari na mwingine unarudi nyuma dhidi yake. Gurudumu hilo ukililaza chali juu ya paa la gari linalokwenda, umepata panga la helikopta.

Tofauti haionekani helikopta ikiwa imesimama hewani. Panga la R44 lina upana wa mita 10 kutoka ncha hadi ncha na huzunguka takriban mara 400 kwa dakika, hivyo ncha zake hukata hewa kwa kilometa 760 kwa saa, kulia sawa na kushoto. Helikopta ikianza kwenda mbele kwa kilometa 200 kwa saa, hesabu inabadilika. Panga lililo kulia linakwenda mbele, kwa hiyo linakutana na hewa kwa 760 jumlisha 200, yaani 960. Lililo kushoto linarudi nyuma, linakutana nayo kwa 760 toa 200, yaani 560. Nguvu ya kunyanyua haifuati kasi hivi hivi. Inafuata kasi ikizidishwa kwa kasi. Kwa hiyo ncha ya kulia, pembe zikiwa sawa, ingenyanyua karibu mara tatu ya ncha ya kushoto.

"Basi ingepinduka," anasema Mzee.

Ingepinduka, na chombo kilichoitangulia kilipinduka kweli. Juan de la Cierva wa Hispania, alipokuwa akitengeneza ndege yake ya panga la juu linalozungushwa na upepo, aliona majaribio yake ya kwanza yakilala ubavu kwa sababu hiyohiyo. Dawa aliyoipata, na iliyomwezesha kuruka Januari 1923, ilikuwa bawaba. Kila panga lifungwe kwenye kitovu kwa bawaba, liweze kupanda na kushuka kama bawa. Upande wenye upepo mwingi panga hupanda, na kwa kupanda huko pembe ambayo linakutana nayo hewa hupungua. Upande wenye upepo haba panga hushuka na pembe yake huongezeka. Mnyanyuo wa pande mbili unasawazika, na abiria hajui kitu. Helikopta zote zilizofuata zimerithi wazo hilo kwa namna moja au nyingine, hata zile ambazo badala ya bawaba ya chuma zina panga linalopinda lenyewe.

Dawa hiyo ina kiwango, na kiwango hicho kiko upande unaorudi nyuma. Mtoto anayerusha tiara anajua kwamba ikilala mno haipandi, na ikisimama wima mno inaanguka. Panga linalorudi nyuma, kadiri helikopta inavyoongeza mwendo, linapata upepo kidogo zaidi na linadaiwa pembe kubwa zaidi. Inafika mahali hewa haiwezi tena kuufuata mgongo wa panga, inaachana nao, na mnyanyuo unakatika. Kuna jambo jingine baya zaidi. Karibu na kitovu panga huzunguka polepole, kwa hiyo pale helikopta inaweza kuwa inakwenda mbele kwa kasi kuliko panga linavyorudi nyuma. Hewa inalipiga panga kisogoni. Kwa R44 iliyo kwenye 200, robo ya kwanza ya panga la kushoto, kuanzia kitovuni, iko katika hali hiyo na haisaidii kitu. Mwendo huo ukifanywa 400 kwa mzunguko uleule, zaidi ya nusu ya panga inakuwa inapigwa kisogoni, na nusu iliyobaki inaombwa ilingane na ncha ya kulia yenye uwezo wa mara kumi.

Sista anataka kujua rubani anaionaje hali hiyo, kwa sababu mgonjwa wake atakuwa amelala nyuma. Kapteni anaieleza kwa mkono. Kwanza fimbo ya usukani inatetemeka kiganjani, mtetemo mzito, si ule wa kawaida. Kisha pua inainuka bila kuamriwa na mashine inalalia upande wa panga linalorudi. Kwa R44 ni kushoto. Kwa helikopta za Kifaransa, ambazo panga lao huzunguka kinyume, ni kulia. Mwanafunzi akiona pua inainuka huisukuma fimbo mbele ili aishushe, na hapo ndipo anapoharibu. Kinachotakiwa ni kushusha wenzo wa mkono wa kushoto, ule unaopunguza pembe za mapanga yote kwa pamoja, na kuacha mwendo upungue.

"Lizungusheni kwa haraka zaidi, basi," Mzee anapendekeza. "Upande wa kushoto upate upepo."

Pendekezo ni la maana, na Mwalimu anakiri hivyo kabla ya kulikataa. Panga likizungushwa haraka zaidi, upande wa kushoto unapona na wa kulia unaugua. Sauti husafiri kwa kiasi cha kilometa 1,225 kwa saa hewa ikiwa na nyuzi 15. R44 ikikimbizwa hadi 400 kwa mzunguko uleule, ncha yake ya kulia ingekuwa kwenye 1,160, karibu kabisa na mpaka huo. Panga linapoukaribia mpaka wa sauti hewa haipati nafasi ya kupisha: inajibana mbele ya makali, ukinzani unapanda ghafla, mtetemo unarudi, na kelele inasikika mbali sana. Anayeunda helikopta amebanwa. Akiongeza mzunguko, ncha inayokwenda mbele inagonga ukuta wa sauti. Akipunguza, panga linalorudi nyuma linakosa upepo. Njia iliyo katikati ni nyembamba, na ndiyo maana namba za kasi za helikopta za dunia nzima zinafanana.

Mzee hajamaliza. Bombadia ina mapangaboi mawili, anasema, na watu wameyaona yakizunguka. Mbona yenyewe hayabanwi? Mwalimu anashika kalamu na kuigeuza. Pangaboi la bombadia linatazama mbele. Ndege inaposonga, kila jani la pangaboi hilo linapata upepo uleule, liwe juu, chini, kulia au kushoto. Hakuna jani linaloenda na safari wala linaloikimbia. Tena halina kazi ya kuibeba ndege. Kazi hiyo ni ya mabawa, nalo linasukuma tu. Panga la helikopta limelazwa, na limepewa kazi mbili: kubeba na kusukuma. Kule kulazwa ndiko kunakoiwezesha kusimama hewani juu ya kichuguu, na ndiko kunakoizuia kukimbia. Huwezi kuchukua la kwanza ukaliacha la pili.

Lakini Kapteni, kwa haki, anamrudishia Mzee nusu ya hoja yake. Injini ina sehemu yake. Kusimama hewani kunakula nguvu nyingi. Helikopta ikianza kusonga inapata hewa mpya na mzigo unapungua, hadi kufikia kwenye kilometa 100 kwa saa ambapo helikopta ndogo hutumia nguvu kidogo kuliko wakati wowote. Baada ya hapo gharama inapanda tena, na inapanda vibaya, kwa kuwa nguvu ya kushinda ukinzani wa hewa kwenye kiwiliwili, miguu ya kutulia na kitovu cha panga hukua kwa mchemraba wa kasi. Kutoka 250 kwenda 400 sehemu hiyo ya mzigo inazidi mara nne. Lynx ya mwaka 1986 haikufika pale kwa umbo la panga peke yake. Ncha za mapanga yake zilipanuliwa zikafanana na kasia, ili upande unaorudi nyuma uchelewe kupoteza mnyanyuo, lakini injini nazo zilidungwa maji na methanoli ili zitoe nguvu ambayo helikopta ya kazini haina. Na hata injini ikiwepo, giaboksi inayopeleka nguvu kwenye panga ina kiwango chake cha kusokotwa. Ukikivuka, kinachokatika si mnyororo wa baiskeli.

Kwenye vitabu namba hizi zote ni za usawa wa bahari. Newala iko kwenye mita 700 hivi juu yake. Siku ya jua kali, joto likifika nyuzi 30, hewa ya pale huwa nyepesi kwa kiasi cha asilimia 12 kuliko hewa ya kitabuni, na mashine inajiona kama iko mita 1,400. Panga linalokata hewa nyepesi linadai pembe kubwa zaidi kubeba mzigo uleule, kwa hiyo linaukaribia upesi ule mpaka wa kuangusha tiara. Joto hufanya na hisani kidogo, kwa kuwa sauti husafiri haraka zaidi kwenye hewa ya moto na ukuta wa upande wa kulia unasogea mbali; hisani hiyo haifidii hasara ya kushoto. Ndiyo sababu ndani ya R44 pamebandikwa jedwali dogo la urefu na joto, na rubani analisoma kujua kasi asiyoruhusiwa kuivuka saa hiyo, mahali hapo. Kwa AS350 kanuni ni nyepesi kuikumbuka: mwisho ni kilometa 287 kwa saa usawa wa bahari, na unapungua kilometa 5 na nusu kwa kila futi 1,000. Juu ya Newala, kwa rubani anayeruka futi 3,000 kutoka usawa wa bahari, mwisho ni 270. Na hiyo ni hewa ikiwa imetulia. Alasiri, upepo unapopanda ukingo wa uwanda kutoka bondeni, rubani mwenye busara anapunguza mwenyewe bila kusubiri jedwali.

Sista amesikiliza yote hayo na swali lake ni jingine: kasi hiyo inamfaa nani? Kutoka Masasi hadi Newala kwa mstari ulionyooka ni chini kidogo ya kilometa 60. Helikopta ya 250 huchukua dakika 14. Ya rekodi ingechukua 9. Kutoka Newala hadi Mtwara, kiasi cha kilometa 120 kwa hewa, ni dakika 29 dhidi ya 18. Kwa gari ni kilometa 140 hivi kwenye barabara ya Mtwara, Newala na Masasi, ile ya kilometa 210 ambayo lami yake imekuwa ikijengwa kwa vipande, na mama mwenye uchungu uliokwama anapigiwa simu ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, namba 115, siyo chopa. "Kapteni, ukiniletea chopa ya 250 mimi nitashukuru. Hizo dakika 11 za ziada usizihangaikie."

Kapteni anamkumbusha kwamba chopa hailali Newala. Ikitoka Dar es Salaam ina kilometa 460 za kuruka, takriban saa 1 na dakika 50, na ikifika inahitaji mafuta ya kuirudisha. Hapo kasi ina maana: kwa 400 ingeokoa dakika 40. Lakini hapo hapo ndege ndogo inaichukua kazi. Cessna Caravan, inayokwenda kiasi cha kilometa 340 kwa saa, ingemaliza umbali huo kwa dakika 80 hivi, kwa gharama ndogo zaidi. Amref Flying Doctors, iliyoanza mwaka 1957, imejengwa juu ya ndege za mabawa kwa sababu ya namna hiyo. Ndege inadai uwanja, na Mtwara na Masasi zina viwanja.

Wapo wanaojaribu kupata vyote viwili. Eurocopter X3 ya Ulaya ilifika kilometa 472 kwa saa Juni 2013, na Sikorsky X2 ya Marekani ilikuwa imeshafika 463 mwaka 2010. Racer ya Airbus, iliyoruka mara ya kwanza Aprili 2024, imekusudiwa kusafiri kwa 400. Siri yao ni kulipunguzia panga la juu kazi. X3 na Racer zina mabawa mafupi ya kusaidia kubeba na mapangaboi ya pembeni ya kusukuma. X2 ina mapanga mawili yaliyopandana, yanayozunguka kinyume, ili kila upande uwe na panga linalokwenda mbele, na pangaboi la nyuma la kusukuma. Zikishika kasi, panga la juu hupunguzwa mzunguko ili ncha zisifike kwenye sauti. Mzee anaona wamekubali kushindwa: wameongeza mabawa, wameongeza mapangaboi, imekuwa ndege yenye panga kichwani. Mwalimu anacheka, na hapingi. Ndiyo maana rekodi ya Lynx bado inahesabiwa peke yake. Uzito wote huo ulioongezwa, helikopta inaubeba bure kila inaposimama hewani.

Na kusimama hewani, au kutambaa, ndiyo kazi nyingi ya helikopta katika kusini ya Tanzania. Tembo wanapotoka hifadhini na kuingia mashambani, helikopta imetumika kuwaswaga warudi. Hakuna tembo anayeswagwa kwa kilometa 250 kwa saa. Rubani huwa nyuma yao kwa mwendo wa baiskeli, chini, panga likila nguvu nyingi na upepo ukitoka popote. Mzee, ambaye anajua tembo mmoja anavyoweza kumaliza shamba usiku, analikubali hilo haraka kuliko hesabu zote za Mwalimu.

Linalobaki ni la Sista. Anaulizwa chopa itatua wapi Newala, na anajibu kwamba itatua uwanja wa shule, kama kawaida. Kapteni anataja anachohitaji: eneo lililo wazi la hatua 30 kwa 30 angalau, pasiwe na nyaya wala mabati yaliyolegea, majani yafyekwe, na mchanga umwagiwe maji, kwa sababu panga linapokaribia ardhi huinua vumbi jekundu hadi rubani asione mguu wake unatua wapi. Watu wakae upande anaowaona, na asiwepo mtu wa kukatiza nyuma kwenye panga la mkia. Kuwaondoa wanafunzi na mbuzi, kutafuta maji na kufunga kanga zilizoanikwa kwenye uzio kunachukua zaidi ya dakika 14. Kwa safari ya Masasi na Newala, kasi iliyopo inatosha. Kiwanja ndicho hakijawa tayari.